Maswali yenu: hizi namba nyuma ya chupa ya maji zinasema nini?

Wasomaji wetu wa Kigoma na Tabora mmeandika sana kuhusu maji ya chupa, na wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwamba hii lebo inasomwaje na utajuaje maji ni salama. Nimechagua maswali machache yanayobeba na mengine. Kabla sijaanza niseme jambo moja ambalo mtalikuta kwenye karibu kila jibu hapa chini: lile jedwali la madini halikuambii kama maji ni masafi, linakuambia tu ndani yake kumeyeyuka nini. Usafi unautafuta kwenye yale maandishi madogo ya pembeni na kwenye kifuniko, sehemu ambazo wengi wetu hatuziangalii kabisa.

SWALI: Nina duka hapa Mwanga, Kigoma, nauza maji ya kampuni tofauti tofauti. Wateja wakigeuza chupa wanakuta moja imeandikwa TDS 38 nyingine 260, hapo ubishi unaanza, huyu anasema namba kubwa ndo uchafu, yule anasema namba kubwa ndo madini ya kujenga mwili. Niwaambie nini? – Dada muuza duka, Mwanga

JIBU: Dada, waambie wote wawili hawajapatia. TDS ni jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka kwenye maji, na kwa maji ya kunywa vingi kati ya hivyo ni madini ya kawaida tu ambayo maji yameyabeba yakipita kwenye udongo na miamba: kalsiamu, magneziamu, sodiamu, potasiamu, bikaboneti, kloridi, salfeti. Inapimwa kwa miligramu kwa lita. Yaani ukichukua lita moja ya yale maji ya 260 ukayachemsha mpaka yakauke yote, kwenye sufuria utabaki na unga mweupe wa kama robo gramu, kidogo sana, ndo ule ule unaoganda kwenye birika la chai. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye TDS chini ya 600 kwa kawaida yana ladha nzuri, na yakivuka 1,000 watu wengi wanaanza kuyakataa mdomoni. Kwa hiyo 38 na 260 zote zipo sawa, tofauti utaiona kwenye ladha, ya 38 yatakuwa mepesi kama maji ya mvua na ya 260 yatakuwa na uzito fulani.

Mbona zinatofautiana hivo? Angalia jina la maji lenyewe pale mbele. Ikiandikwa "purified drinking water" maana yake ni maji yaliyosafishwa kiwandani, yanaweza kuwa yametoka bombani, kisimani au ziwani, yakapitishwa kwenye michujo, mara nyingi ule mchujo mkali wa RO unaotoa karibu madini yote, na viwanda vingine vinarudisha madini kidogo mwishoni ili ladha ipatikane. Ikiandikwa "natural mineral water" hayo ni mengine, hayo yanatakiwa yatoke chini ya ardhi kwenye chanzo kimoja kinachojulikana na kinacholindwa, na yabaki na madini yake ya asili. Hapa Afrika Mashariki viwango vyake pia ni viwili, maji ya kunywa ya kawaida yana EAS 153 na maji ya madini asilia yana EAS 13. Sio kwamba haya ni bora kuliko yale. Ila mtu akikuuzia ya kwanza kwa bei ya pili kwa kukwambia "haya ni mineral" basi msomee lebo, maana mtaani kwetu kila maji ya chupa tunayaita mineral hata kama sio.

Na hili la madini kujenga mwili tusilikuze. Chukua maji yenye kalsiamu miligramu 20 kwa lita, unywe lita mbili kwa siku, umepata 40. Glasi moja tu ya maziwa ina kama 300, na sisi hapa Kigoma tuna dagaa wanaoliwa na mifupa yao yote. Madini tafuta kwenye sahani.

Sasa kwa nini nasisitiza kwamba TDS haipimi usafi. Vijidudu vya kipindupindu havimo kwenye TDS. Ziwa letu Tanganyika maji yake ni maangavu kuliko maziwa mengi, yana magneziamu nyingi kuliko kalsiamu, ukiyaandikia jedwali litapendeza kabisa, lakini mwezi wa 5 mwaka 2015 pale Kagunga, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko Burundi walipojazana ufukweni bila vyoo vya kutosha, kipindupindu kililipuka na watu wakafa. Madini ya ziwa hayakubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kinyesi kuingia kwenye maji. Kipimo cha maabara cha vijidudu ndo kinachohesabika, na kinatakiwa kisikute E. coli, yaani kijidudu cha kinyesi, hata mmoja kwenye mililita 100 za maji, na hicho hutakiona kwenye jedwali la chupa.

Kwa hiyo mteja wako mwonyeshe vitu hivi. Alama ya ubora ya TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA zamani. Jina la kiwanda na mahali kilipo, sio jina la maji tu, maana "imetengenezwa Tanzania" peke yake haikusaidii kumpata mtu. Namba ya bachi, yaani ya mkupuo mmoja wa maji yaliyojazwa pamoja, ambayo bila hiyo maji yakileta shida hakuna anayeweza kuyarudisha kiwandani kwa mkupuo. Tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Halafu ile pete ya kifuniko, ambayo mtu akifungua lazima ukasikie kale kamlio kakikatika, ukizungusha kifuniko na pete inakuja nayo nzima au imeshaachia basi hiyo chupa imefunguliwa huko nyuma, weka pembeni usiiuze. Kile kiplastiki laini kilichokuwa kinavalishwa juu ya kifuniko serikali ilishakipiga marufuku kwa sababu ya mazingira, kwa hiyo mteja asikione hakipo akadhani maji ni feki.

Stempu ya TRA nayo watu wanaichanganya na hii ya TBS. Ile ni ya ushuru, inasema kodi imelipwa, haikupima maji. Na barkodi inayoanza na 620 inasema tu kampuni ilisajili namba zake GS1 Tanzania, wale wanaogawa namba za barkodi, sio ushahidi wa ubora na wala sio ushahidi wa mahali maji yalipojazwa.

SWALI: Huku Nzega walipita vijana wanauza mashine za kuchuja maji. Walitia vijiti viwili vya umeme kwenye glasi ya maji yetu ya bomba yakageuka kahawia mpaka yakatoa povu zito, wakatia kwenye maji ya mashine yao yakabaki meupe. Wakatia na kwenye maji ya chupa yakachafuka. Jirani zangu wameogopa hata kunywa. Je ni kweli ule ni uchafu uliokuwemo? – Baba wa familia, Nzega

JIBU: Kaka, ule sio uchafu wa maji yenu, ni kutu ya vijiti vyao. Moja ya vile vijiti ni chuma. Umeme ukipita kwenye maji chuma kinaliwa, kinamumunyuka na kutoka kama tope la kahawia au la kijani. Umeme unapita vizuri kwenye maji yenye madini, haupiti vizuri kwenye maji yaliyotolewa madini. Mashine yao ni ya RO, imetoa madini, kwa hiyo vijiti haviliki na maji yanabaki meupe, basi. Wakirudi waombe kitu kimoja, uwatilie wewe mwenyewe chumvi safi kidogo kwenye glasi ya maji ya mashine yao halafu warudishe vijiti, yatachafuka mbele ya macho ya watu wote.

Hili linaniuma kwa sababu watu wa Nzega na Tabora mmesubiri maji ya Ziwa Victoria miaka mingi, yamekuja kwa bomba kutoka mbali, halafu mtu anakuja na vijiti viwili anawatia hofu ili auze. Mashine ya RO kama mashine haina kosa, inafanya kazi, ila uiamue kwa sababu za kweli. Na hako ka-kalamu ka kupimia TDS wanakotembea nako, kanapima jinsi umeme unavyopita kwenye maji, kijidudu hakikaoni.

SWALI: Nina presha na daktari kanikataza chumvi. Kwenye chupa nimekuta sodium 12. Hii si ndiyo chumvi yenyewe? Niache maji ya chupa? – Mzee, Ujiji

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiache, endelea kunywa. Sodiamu ndiyo iliyomo kwenye chumvi, hapo umeona sawasawa, lakini angalia kiasi. Inashauriwa mtu mzima asivuke miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ukinywa lita mbili za hayo maji umepata miligramu 24 tu. Chumvi inayokuumiza ni ile ya kwenye mboga, kwenye dagaa na samaki wa chumvi, na ile unayoongezea mezani. Maji yenye sodiamu chini ya 20 kwa lita yanahesabiwa ni ya sodiamu ndogo, kwa hiyo chupa yako iko vizuri. Ukiikuta chupa ina mia na zaidi hapo chagua nyingine, na kama una tatizo la figo au moyo kiasi cha maji ya kunywa mwulize daktari wako, na dawa za presha usiruke.

SWALI: Mtoto wangu ana miezi minne, kliniki wameniruhusu kumuongezea maziwa ya kopo. Natumia maji ya chupa moja kwa moja bila kuchemsha kwa sababu yameshasafishwa. Mama mkwe anasema nichemshe. Nani yuko sahihi? Na je kuna namba ya kuangalia kwenye lebo kwa ajili ya mtoto? – Mama Tabora, Cheyo

JIBU: Mama mkwe yuko sahihi, tafadhali anza leo. Maji ya chupa ni salama kunywa lakini hayajaondolewa kila kijidudu, na zaidi ya hapo unga wenyewe wa maziwa ya kopo nao hauna uhakika huo, unaweza kubeba vijidudu ambavyo kwa mtoto mchanga ni hatari sana. Ndio maana utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni kukorogea unga kwenye maji ambayo bado ni moto, yasiyopungua nyuzi 70. Kwa vitendo ni hivi, chemsha maji mpaka yatokote vizuri, yafunike, usiyaache zaidi ya nusu saa, koroga maziwa yakiwa bado na moto huo, halafu ndo upoze chupa kwa kuiweka kwenye maji ya baridi na ujaribie tone kwenye kiwiko cha mkono kabla ya kumpa. Asipomaliza ndani ya saa mbili mwaga, usimwekee. Na titi usiliache, liendelee kadiri linavyotoka.

Namba za kuangalia kwa mtoto ni mbili na nitazieleza vizuri kwa sababu kuchemsha hakuziondoi, kunaziongezea nguvu maana maji yanapungua na zenyewe zinabaki.

Ya kwanza ni naitreti, imeandikwa nitrate au NO3. Isivuke miligramu 50 kwa lita. Inatoka kwenye mbolea na kwenye vyoo, na ikizidi kwa mtoto mchanga damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anabadilika rangi midomoni na kwenye kucha. Maji ya chupa yenye lebo kamili mara nyingi yako chini sana, hofu yangu kubwa ni visima vifupi, kwa hiyo hata siku hela ya maji ya chupa imekosekana usimkorogee mtoto maji ya kisima kilicho karibu na choo au chini ya shamba linalowekwa mbolea nyingi, na ninyi watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wenye mashamba ya tumbaku mliangalie hili kwa makini.

Ya pili ni floraidi, fluoride au F. Mwisho ni 1.5. Kidogo inasaidia meno, ikizidi kwa miaka inayachafua meno ya mtoto yanakuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na ikizidi zaidi inaenda mpaka kwenye mifupa. Wenzetu wa Arusha, Manyara na majirani zenu wa Singida wanalijua kwa sababu miamba ya kwao ina floraidi nyingi. Kwa viwango vya kimataifa vya maji ya madini asilia, yakivuka 1.5 chupa inatakiwa iandikwe kwamba haifai kwa watoto chini ya miaka 7. Maji yanasafiri kwa lori siku hizi, kwa hiyo usiangalie mahali duka lilipo, soma kiwanda kilipo na usome hiyo F.

Na ukikuta alama ya < mbele ya namba, mfano <0.1, maana yake ni chini ya hapo, wamepima hawakukuta hata kiasi hicho. Hiyo ni nzuri. Isiyo nzuri ni lebo isiyotaja kabisa naitreti wala floraidi, kwa mtoto mchanga mimi ningechagua chupa nyingine.

SWALI: Nauza maji stesheni Tabora, treni ikichelewa katoni zinakaa juani kutwa. Abiria mmoja akaniambia nawauzia kansa. Halafu kuna tarehe ya mwisho, maji nayo yanaozaje? – Kijana mchuuzi, Tabora

JIBU: Mdogo wangu, kwanza hilo neno zito lisikuvunje moyo, ila katoni zitoe juani. Chupa nyingi ndogo ni plastiki ya PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya kitako. Joto likizidi na likidumu, vitu kidogo vya plastiki vinahamia kwenye maji, kimojawapo kinaitwa antimoni, ambacho mwisho wake unaoshauriwa ni miligramu 0.02 kwa lita. Vipimo vingi vinavikuta viko chini sana ya hapo kwenye chupa zilizohifadhiwa kawaida, vinapanda chupa zikipikwa na joto wiki kwa wiki, kama kwenye kontena la bati au nyuma ya gari lililofungwa. Siku moja juani haimletei abiria kansa. Kuna hata njia inayokubalika ya kuua vijidudu ambapo watu wanaweka maji maangavu kwenye chupa hizo hizo za PET juani masaa 6 kisha wanakunywa. Lakini juani kila siku maji yanachukua harufu ya plastiki, na mwanga unaweza kuotesha ukijani ndani. Weka chini ya kivuli, juu ya mbao na sio kwenye sakafu, na usiyapange jirani na mafuta ya taa, petroli au sabuni, maana plastiki inapitisha harufu hata kifuniko kikiwa kimefungwa.

Maji yenyewe hayaozi kama maziwa. Tarehe ya mwisho ni ahadi ya kiwanda kwamba mpaka siku hiyo chupa, kifuniko, ladha na harufu vitakuwa sawa. Ikipita, usiuze, ni kosa na sio haki kwa abiria. Tarehe nyingi zinapigwa kwa wino kwenye shingo ya chupa au kwenye kifuniko, wino huo ukilowana jasho unafutika, kwa hiyo ukipokea katoni kutoka kwa mtu wa jumla soma tarehe ukiwa hapo hapo, na ukikuta kistika kimebandikwa juu ya tarehe rudisha katoni nzima.

Jambo moja zaidi nakuomba kwa moyo wote: chupa tupu zikitupwa dirishani na abiria, zitoboe au zikate kabla hujaziuza kwa wanaonunua plastiki, usiziache nzima. Chupa nzima yenye lebo nzuri ndo inayojazwa tena bombani na kurudi sokoni, na anayeinunua hana namna ya kujua zaidi ya ile pete ya kifuniko.

SWALI: Hapa Kibirizi tunapata maji yanayokuja na boti, lebo ni Kifaransa mwanzo mwisho. Yanafaa? – Mfanyabiashara, Kibirizi

JIBU: Kifaransa sio kosa lake, ila bidhaa ya kuuzwa Tanzania inatakiwa iwe na maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo lebo ya Kifaransa peke yake ni dalili kwamba maji hayo hayakuandaliwa kwa soko la hapa, na pengine hayakupita mlango wa kawaida. Angalia alama ya shirika la viwango la kule, kwa Burundi ni BBN. Kwenye jedwali "résidu sec" ndio mwenzake TDS, "à consommer de préférence avant" ndio tarehe ya mwisho, na alama za Ca, Mg, Na na F ni zile zile dunia nzima. Kama hakuna alama ya shirika lolote, hakuna kiwanda wala bachi, usiyaweke dukani hata kama bei inakuvuta, na kabla hujaagiza mzigo mwingine nenda ofisi ya TBS ya kanda au kwa afisa afya wa kata ukiwa na chupa moja mkononi.

SWALI: Rafiki yangu ananunua maji ya pH 9 bei mara tatu eti yanaondoa asidi mwilini na kutibu vidonda vya tumbo. Ni kweli? – Dada, Gungu

JIBU: Hapana dada. pH ya 7 ndo katikati, juu ya hapo ni upande wa alkali, na maji mengi ya kunywa yako kati ya 6.5 na 8.5. Tumboni kuna asidi kali ya pH 1.5 mpaka 3.5, maji yakifika humo hiyo 9 inaisha hapo hapo, na damu inalinda pH yake yenyewe kwa mapafu na figo. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana pH inayokaribia 9, na vidonda vya tumbo vipo Kigoma kama vilivyo kwingine. Rafiki yako aende hospitali apimwe bakteria wa H. pylori, akikutwa naye kuna dawa za kumaliza tatizo, hiyo hela ya maji aiweke kwenye dawa.

SWALI: Ofisini tunanunua dumu kubwa la kugeuza kwenye mashine, lebo imefutika haisomeki. Tuendelee? – Karani, Tabora mjini

JIBU: Lile dumu linarudi kiwandani na kujazwa tena mara nyingi, kwa hiyo lebo ya ubavuni inachakaa na haiwezi kukuambia kitu kuhusu maji ya wiki hii. Ya kusoma ni tarehe na bachi za kwenye kifuniko, hizo lazima ziwe mpya kila likijazwa. Kifuniko kisicho na maandishi msipokee, mwambieni aliyeleta alibebe arudi nalo. Na mkishaligeuza kwenye mashine lisikae mwezi, limalizeni ndani ya wiki moja au mbili, na ile mashine yenyewe koki zake na bakuli la ndani vioshwe kila mnapobadilisha dumu, kwa sababu hapo ndipo utelezi unapoanzia hata kama maji yalitoka kiwandani yakiwa safi kabisa.